Ndama Niliyepewa Mpakani

Kila Desemba, kwenye gulio la Krismasi hapa Stockholm, huwa yupo mzee anayeuza nyama kavu ya kulungu wa kaskazini, wale wenye pembe za matawi ambao Waswidi huwaita ren. Huikata kwa kisu kidogo, vipande vyembamba, akampa kila apitaye aonje. Mume wangu husimama, huonja, hupiga naye soga. Mimi huvuka upande wa pili. Nyama ile hukaushwa kwa moshi wa björk, miti ile myeupe ya huku, na moshi huo ukiniingia puani tu nakuwa tena na miaka tisa, nimevaa mabuti ya mpira yasiyo yangu, namtazama baba yangu akishikana mikono na mtu ambaye sijamjua vizuri.

Niseme wazi mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Wanangu wananicheka kwa hilo. Mtu akiniletea zawadi naigeuza chini kwanza. Daktari akitabasamu namwuliza kuna nini. Ninyi wa rika langu mliokulia huku enzi zile, ambapo ngazi nzima ya ghorofa weusi mlikuwa ninyi peke yenu, huenda mnanielewa, maana tulijifunza mapema kutazama kitu mara mbili. Lakini wengi wenu hamjui kushuku kwenu kulianza lini. Mimi najua siku yenyewe, na najua nani aliumia kwa ajili yake.

Tulikaa Sundbyberg, pembeni ya Stockholm, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko. Baba alikuwa bwana mifugo kutoka Ugogo, ametumwa na serikali kuja kusomea magonjwa ya wanyama. Mama alisafisha ofisi alfajiri, akirudi mimi nakunywa chai kwenda shule. Nilikuwa mtoto wao pekee. Nilifika nchi hii nikiwa na miaka mitano, na kabla ya mwaka kuisha nilikuwa nazungumza Kiswidi cha watoto wa uani, wazazi wangu bado wanahangaika na kitabu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba. Nilimwambia mwenye duka Mama anataka unga gani. Nilisoma barua za manispaa mezani, Baba kanikazia macho kama ninasoma Injili. Nilijua zamu yetu ya kufua kwenye chumba cha mashine kule chini, na nilijua nani kwenye ngazi ameandika karatasi ya kulalamikia harufu ya dagaa wetu. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, theluji ilipoanza kuyeyuka, nikafukuzwa kazi hiyo. Hakuna aliyeniambia. Barua zilikuja, zile za ofisi zenye kidirisha mbele cha kuonyesha jina, lakini Mama alizichukua kwenye kapeti chini ya mlango kabla sijafika, akazitia kwenye mkoba wake. Nilipomwuliza kama anataka nimsomee alisema si kitu, ni matangazo. Matangazo hayaji na kidirisha. Kisha akaanza kuja Elsa.

Elsa alikuwa anasoma na Baba. Hakuwa Mswidi hasa, alikuwa Msami. Wasami ndio watu wa milima ya kaskazini, waliokuwapo huko kabla ya kuwekwa mipaka, na hufuga kulungu kama kwetu Ugogo wanavyofuga ng'ombe. Baba alimpenda kwa sababu hiyo. Alisema darasa zima ni Elsa peke yake anayejua kwamba mnyama ana ukoo. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, na mwanzoni na mimi nilimpenda. Lakini sasa alipofika aliketi jikoni na wazazi wangu, mlango ukafungwa, wakaongea Kiingereza ambacho sikukijua. Elsa akiondoka, wao waliendelea kwa Kigogo, lugha waliyoitumia kwa mambo ya vifo na ya mashemeji. Nikiingia kuchukua maji, Mama alisema kwa Kiswahili kwamba leo kuna jua.

Julai ilipofika nikaambiwa tunakwenda likizo milimani, kwa wazazi wa Elsa, kule mpakani na Norway. Tutaona kulungu. Baba alilisema hilo kwa furaha nyingi kuliko kawaida yake. Nikaenda chumbani nikamkuta Mama anapanga sanduku langu. Kulikuwa na sweta zangu zote mbili, koti la baridi, kofia ya sufu, soksi nene, na vitabu vya shule. Julai. Wao wawili walibeba mkoba mmoja mdogo, nguo za kubadilisha siku mbili tatu.

Hapo lazima niwaeleze jambo la shangazi yangu, maana bila hilo mtaona nilikuwa mtoto mjinga tu. Kabla hatujaondoka nyumbani niliona shangazi yangu mdogo akiolewa. Nilikuwa na miaka minne au mitano na sikuelewa mengi, lakini niliona mpangilio wake. Kwanza wakubwa walinong'ona kwa majuma. Kisha shangazi akakusanyiwa nguo. Kisha wakaja wanaume nisiowajua, wakaswaga ng'ombe hadi zizini kwetu, wakashikana mikono na babu, mikono yote miwili. Ng'ombe waliingia asubuhi, shangazi akatoka jioni, analia, na hakuna aliyemrudisha. Nililala naye kitanda kimoja tangu nizaliwe. Kwa akili yangu ya utoto niliweka sheria moja kichwani: mifugo ikiingia, msichana anatoka.

Sikuwa na wasiwasi huo bado tulipopanda treni. Nilikuwa na wasiwasi wa sanduku tu. Tulisafiri kutwa nzima, misitu haiishi, kisha basi, kisha gari la Elsa lenye harufu ya mbwa. Mama aliketi mbele yangu, mkono wa kushoto ameubana ubavuni, hata alipopewa kikombe alipokea kwa kulia. Nikadhani ameficha kitu ndani ya gauni. Nilimvizia njia nzima nione ni nini. Barabara ilipokwisha tukatembea, miguu inazama kwenye ardhi laini, mbu wanatuzunguka, na Elsa akanyoosha kidole kwenye mlima mrefu wenye theluji mgongoni akasema nyuma ya ule si Uswidi tena. Alidhani atanifurahisha. Mimi nikawaza kwamba mtu akivushwa pale, polisi wa Sundbyberg hawawezi kumfuata.

Baba yake Elsa aliitwa Jonas na mama yake Marta. Wakati wa kiangazi walikaa kwenye nyumba ndogo ya mbao, na pembeni yake kulikuwa na kibanda cha mviringo cha magogo na nyasi, moto katikati, tundu la moshi juu. Sakafuni walitandika vitawi vya björk vibichi na juu yake ngozi za kulungu. Kila kitu humo ndani kilinuka moshi, hata kahawa. Nakumbuka Mzee Jonas alivyokuwa mkimya na mwembamba, kisu kiunoni, macho ya buluu yaliyofifia. Aliniangalia kuanzia juu hadi kwenye viatu, akamwambia mkewe kitu kwa lugha yao. Bi Marta akaenda akarudi na mabuti ya mpira, akapima kwa kuweka soli yake kwenye soli yangu. Yalinitosha. Kisha akanishika mkono akanionyesha kitanda kimoja kidogo kilichotandikwa, na juu yake msumari ukutani. Hapa utatundika koti lako, akaniambia kwa Kiswidi. Nikatazama kuta zote. Baba na Mama hawakuwa na misumari.

Usiku wa kwanza sikulala vizuri, na si kwa sababu ya jua la huko lisilozama kiangazi peke yake.

Kilichonitia hofu zaidi ni jinsi Baba na Mzee Jonas walivyoelewana. Wageni wengine waliowahi kufika, Elsa alisema, jambo la kwanza huuliza una kulungu wangapi, na hilo Mzee Jonas hulichukia kabisa. Baba hakuuliza. Kwetu pia mtu haulizwi ng'ombe wake ni wangapi, ni adabu mbaya na ni kumtakia mabaya. Baba aliketi kwenye ngozi, akapewa kahawa yenye vipande vya jibini ndani, akainywa yote na jibini akaitafuna, kisha akauliza kupitia kwa Elsa kama majani ya mwaka huu yamekuja mapema. Mzee Jonas akamtazama kwa muda, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka. Tangu hapo walikaa pamoja kutwa, wanachora kwa vijiti ardhini alama za masikioni mwa mifugo, zile za kwao na zile za kwetu, huyu akichora na yule akitikisa kichwa. Baba alikuwa na furaha ambayo Sundbyberg sikuiona kwake hata siku moja. Nilimwona kwa macho mapya, nikajiuliza kama babu naye alifurahi hivyo kabla ya siku ya shangazi.

Mama aliketi karibu na Bi Marta, wanakunja sufu. Hawakuwa na lugha ya pamoja, mimi ningeweza kuwafasiria, lakini hakuna aliyeniita. Mara moja nikamwona Bi Marta ameweka kiganja chake kifuani kwa Mama, upande wa kushoto, taratibu, na Mama amefumba macho. Nilipokaribia wakaachana.

Siku ya tatu ilikuwa ya kutia alama ndama. Asubuhi yake kulikuwa na mawingu na manyunyu, wakasema ni hewa nzuri, kulungu hawapendi joto. Majirani wachache wa Kisami walifika na mbwa wao. Walikuwa wameshusha kundi kutoka mlimani kwa siku mbili, usiku na mchana, kwa miguu, na sasa wanyama walikuwa ndani ya zizi kubwa lililozungushiwa nyavu na magunia, wanakimbia kwa kuzunguka, upande mmoja tu, hawachoki. Kulungu wakitembea miguu yao hutoa mlio, tik tik tik, kama mtu anayevunja vijiti vikavu. Mamia ya miguu inalia hivyo kwa pamoja, na juu yake ndama wanakoroma wakiwaita mama zao. Mwenye ndama humtambua kwa kuona anamfuata nani. Kisha hurusha kamba, humvuta, humlaza, na kwa kisu kidogo hukata alama ya ukoo wake sikioni. Ndama hatoi sauti kubwa. Akiachwa huruka, hutikisa kichwa, hukimbilia kwa mama yake.

Baba alikuwa katikati yao, matope hadi magotini, anashika miguu ya ndama kama aliyezaliwa humo. Mimi nilikaa nje ya wavu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na masikio yaliyotobolewa kwa mila yetu, matundu makubwa ya kupitisha kidole, na nilipokuwa mdogo aliniambia ndiyo alama ya kwamba yeye ni wa watu fulani. Nikajishika masikio nikawa siyaachii.

Ndipo Mzee Jonas akaniita kwa kichwa. Sikwenda. Akaja yeye, amebeba ndama wa rangi ya kahawia mwenye doa jeupe puani, amemkumbatia kifuani. Akamlaza mbele yangu, akakata sikio, damu kidogo, haraka. Akamwambia Elsa jambo, Elsa akamwambia Baba kwa Kiingereza, na Baba akafuta mikono kwenye suruali, akaitoa yote miwili, akashika mkono wa Mzee Jonas na kuinama. Macho yake yalikuwa na machozi. Mama alisimama nyuma yake, naye akainama. Kisha wote wanne wakanitazama mimi kwa pamoja, wanatabasamu.

Sikuuliza kitu. Ningeuliza kwa Kiswidi ningejibiwa kwa Kiswidi, na mambo yote haya yangekwisha pale pale. Lakini miezi minne walikuwa wamenifundisha kwamba nikiuliza nitaambiwa leo kuna jua. Mifugo ilikuwa imetolewa, mikono imeshikwa, koti langu lina msumari. Ilibaki wao kuondoka.

Walipoenda kunywa kahawa kibandani, nikazunguka hadi kwenye lango. Lilikuwa ni miti miwili na wavu, umefungwa kwa kamba yenye kitanzi. Nilifikiri ndama wangu akiondoka hakuna kilichotolewa, basi na mimi sijatolewa. Sikuwafikiria wale wengine hata kidogo. Nikakichomoa kitanzi.

Walitoka bila kelele. Nilitegemea kishindo, lakini wale wa mbele walisimama, wakanusa, wakapita kando yangu wakinigusa na manyoya yao, na nyuma yao likafuata kundi lote, tik tik tik, hadi mlimani. Mbwa walipobweka walikuwa wamekwisha kusambaa. Ndama wengi walikuwa bado hawajatiwa alama, na ndama asiye na alama, mwaka ukigeuka, si wa mtu. Watu waliokuwa hawajalala siku mbili walitoka kibandani na vikombe mikononi wakasimama kutazama mlima.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Mzee Jonas alikuja akachuchumaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza akasema nami kwa Kiswidi, pole pole, kwa lafudhi yake ya mlimani.

"Unamwogopa nani?"

"Wewe," nikasema.

Akavua kofia yake. Hadi leo sijui kwa nini aliivua. Akaishika mikononi, akakaa vile vile amechuchumaa, na hakuniangalia tena.

Baba ndiye aliyekasirika. Alinivuta pembeni, akauliza nimefanya nini, najua nimewafanyia nini watu hawa. Nikamjibu kwa Kiswidi, akaniambia nimjibu kwa Kiswahili. Nikakosa Kiswahili cha kutosha. Nikalia. Mwishoni nikasema, "Mrudishie ndama wake, Baba. Mimi sitaki kubaki."

Hakuelewa. Mama ndiye aliyeelewa, sijui alijuaje. Akaja akaniinua uso kwa ule mkono wake wa kulia.

"Ulidhani ni mahari?"

Nikaitikia kwa kichwa. Baba akatoa sauti kama aliyekabwa, na Mama akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye majani yenye maji. Akanieleza kwamba Wasami mtoto wanayempenda humpa ndama wake mwenyewe, akue naye, ni heshima tu, hakuna mtu anayeoa mtoto wa miaka tisa, na kwamba Baba yangu angeuza macho yake kabla ya kuniuza mimi. Niliona ni kweli. Aibu ikanishuka mwili mzima. Ningenyamaza hapo, wangeniombea radhi kwa wenyeji na ningekubali lolote.

Lakini nilikuwa bado nina sanduku.

"Sasa kwa nini nimefungiwa koti la baridi?"

Mama akaacha kucheka. Akamtazama Baba. Ni mtazamo mfupi sana, mtu mzima asingeuona. Akasema nitakaa hapa majuma machache tu, hadi shule ikaribie, kwa sababu Baba anakwenda kusini kwa mafunzo ya vitendo na yeye atakuwa na kazi nyingi. Kazi gani, nikauliza. Za kusafisha, akasema. Nikaona kwamba anasema uongo. Mama yangu hakuwa mwongo, hakuwa na mazoezi. Masikio yake yalisogea.

Basi nikashikilia. Nilisema sibaki. Nilikataa kula mchana ule, na jioni, na kesho yake. Bi Marta aliniletea uji wenye siagi, nikageukia ukutani. Nililala nimeshika mkanda wa gauni la Mama, nikautia kwenye ngumi. Nilishuku kila neno lao kwa sababu lile moja nililolijua lilikuwa la uongo. Nje, majirani walipanda tena mlimani kuanza kazi upya, nami nikawasikia mbwa wakienda mbali. Baba alikwenda nao kwa aibu, akarudi amevimba miguu. Siku ya tano Mama akamwambia kwa Kigogo maneno machache, na hayo niliyaelewa hata mimi. Alisema, twende naye.

Nilishinda. Kwenye treni nilikaa dirishani, nimepona kabisa, nakula biskuti. Mama alikuwa ameegemeza kichwa chake kwenye kioo. Nilimwonyesha ziwa, akasema zuri.

Yaliyofuata nayasema kwa ufupi, siyawezi kwa urefu. Baba alikwenda kusini, maana angekosa mafunzo yale angerudishwa nyumbani na sisi wote. Mimi na Mama tukabaki Sundbyberg, tukaenda ziwani kuogelea mara nyingi, yeye akikaa ufukweni amevaa blauzi ya mikono mirefu. Ulikuwa ni wakati mzuri kuliko wote wa utoto wangu, na hilo nalo sijui nilipeleke wapi. Baba aliporudi mwezi wa kumi, Mama akalazwa. Nikaambiwa ni uvimbe tu, unatolewa. Ulitolewa. Mwaka wa pili baada ya hapo, baridi ilipoanza, tulimzika huku huku, ardhi imeganda, Watanzania wachache na Wakenya wachache tunaimba kwa sauti ndogo kwa sababu hatukujua kama inaruhusiwa.

Ni Elsa aliyenipa kilichobaki, bila kukusudia. Baada ya mazishi tulikuwa ukumbini kwenye kahawa, akaniambia kulungu wangu amezaa, jike, na Mzee Jonas amemtia alama mwenyewe kwa ajili yangu. Kisha akalia, akasema laiti Mama angekubali kile kitanda cha hospitali cha Julai. Akaona uso wangu, akanyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimeshafunzwa kufuata uzi. Nikamfuata siku nyingine hadi akanieleza. Daktari alitaka kumpasua Julai ile ile, na amlaze majuma sita. Mama alikuwa amesikia kwa mama mmoja Mkenya wa mtaa wa Spånga kwamba manispaa wakijua mama amelazwa na baba yuko mbali, huja kumchukua mtoto wakampa familia nyingine, na kumrudisha inakuwa shughuli. Aliliamini hilo kabisa. Ndiyo sababu ya kunong'ona, na ya barua kutosomwa na mimi, na ya msumari ukutani kwa Bi Marta. Walitaka kunificha mimi mahali pa watu wazuri ili yeye apone. Niliporudi naye, akakiacha kile kitanda.

Nimewakasirikia kwa miaka mingi, msidhani nimejilaumu peke yangu. Laiti wangeniambia. Nilikuwa nasoma barua za manispaa, ningeweza kusoma na hiyo. Tulikuwa watu watatu tunaopendana kwenye vyumba viwili, na kila mmoja anamchunga mwenziwe asijue kitu. Mama aliishuku manispaa, mimi nikamshuku yeye. Nikiwa na hasira zangu nzuri huwa nasema hivyo, kisha nakumbuka uso wake kwenye kioo cha treni, nami na biskuti zangu.

Nilimwuliza Baba mara moja tu. Alikuwa amezeeka, mimi nina watoto tayari, tulikuwa jikoni kwake tunamenya viazi. Nilikuwa nimelibeba swali hilo muda mrefu hata likawa halina makali, au ndivyo nilivyodhani. Nikasema, "Baba, kama Mama angelazwa Julai ile..."

"Hapana," akasema. "Isingebadilisha kitu."

Nilikuwa sijamaliza kuuliza. Huyu ni mtu ambaye ukimwuliza saa hutazama mkononi mara mbili ndipo akujibu. Aliendelea kumenya, maganda yake membamba, hakuinua macho. Nikamwambia asante, Baba. Nikainamia viazi vyangu asije akaniona usoni kwamba sikumwamini.